Kondoo chini ya sola: hadithi tamu iliyokatwa mkia

Kama unafuatilia habari za nishati, hii umeshakutana nayo. Picha ni ileile kila mara: paneli za sola zimepangwa safu kwa safu, chini yake kondoo weupe wenye sufi nene wanatafuna majani taratibu, na maelezo yanasema kondoo hao wamechukua kazi ya mashine ya kukata majani. Hakuna mafuta, hakuna kelele, hakuna dawa ya kuua magugu. Umeme juu, nyama chini, kila mtu kafurahi. Na mwishoni hukosi kukuta mtu kaongeza kwamba Tanzania hii tunaiweza kabisa, kwani mifugo si tunayo?

Mifugo tunayo, sawa. Na sayansi iliyo nyuma ya picha ile si ya uongo. Ugomvi wangu ni na namna hadithi yenyewe inavyotufikia: inakuja nusu. Kondoo analetwa, lakini aina ya majani, aina ya kondoo, na mkataba wa mwenye kondoo vinabaki huko huko ilikotoka. Leo nataka tuisome hadithi hii kutokea Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, mahali ambapo majani hayana likizo na ambapo neno "mifugo" likitajwa kwenye mkutano wa kijiji watu wanakaa vizuri kwenye viti.

Majani yana kosa gani?

Tuanze na fizikia, maana shida yenyewe ni ya kweli. Paneli ya sola ni seli nyingi zilizounganishwa kwa mfululizo, na mkondo wa umeme unapita kutoka seli moja kwenda nyingine. Seli moja ikifunikwa na kivuli, inabana mkondo wa wenzake wote kwenye mstari ule. Watengenezaji huweka diodi za kuupitisha umeme kando ya sehemu yenye kivuli, lakini hapo umeshapoteza mchango wa kipande kizima cha paneli. Kwa hiyo jani moja refu lililosimama mbele ya kioo linaleta hasara kubwa kuliko upana wake.

Halafu kuna moto. Majani yaliyoota Machi ni mabichi na hayana neno, ila ikifika Septemba yale yale ni kuni zilizozunguka nyaya. Halafu kuna fundi anayetakiwa kupita akague viungo, na hakuna fundi anayependa kuingiza mguu mahali asipoona nyoka.

"Basi toa majani yote ubaki na udongo mtupu." Hapana, hilo nalo lina gharama. Paneli ya kawaida ya silikoni hupoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu zake kwa kila nyuzi joto moja inayozidi 25, na ardhi yenye mimea huwa ya baridi kuliko ardhi tupu, kwa sababu mmea unapotoa maji kupitia majani yake unapoza hewa inayouzunguka. Udongo mtupu pia unatoa vumbi kiangazi linaloganda kwenye vioo, na masika unasombwa na mvua. Huku kwetu ukisombwa unaishia kwenye majaruba ya mpunga ya jirani, na ukiwa na dawa ya magugu ndani yake ndiyo kabisa.

Kwa hiyo mwenye shamba la sola anataka majani, ila yawe mafupi, mwaka mzima. Mashine inaweza kufanya hivyo, lakini inakula mafuta na inarusha mawe yanayopasua vioo. Fyekeo halirushi mawe sana, ila linataka watu wengi na kila baada ya wiki chache za mvua unaanza upya. Ndipo kondoo anapoingia, na mpaka hapa sina pingamizi.

Chuo kimoja, majibu mawili

Watu wanaoipigia debe hoja hii hupenda kusema "utafiti umeonyesha". Upi? Hebu tutazame miwili, yote kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, maana ikiwekwa kando kwa kando inafundisha kuliko ikisomwa mmoja mmoja.

Wa kwanza ni wa Adeh, Selker na Higgins, uliotoka mwaka 2018 kwenye jarida la PLOS ONE. Walipima malisho yasiyomwagiliwa chini na kati ya paneli, na wakakuta kwamba mwishoni mwa msimu sehemu zilizo chini ya paneli zilikuwa na majani mengi zaidi kwa asilimia 90. Matumizi ya maji yalikuwa na ufanisi zaidi kwa asilimia 328. Ukiona mahali pameandikwa kwamba sola "inaongeza malisho maradufu", mara nyingi chimbuko lake ni hapa.

Wa pili ni wa Andrew na wenzake, wa mwaka 2021, na huu ndio ulioleta kondoo wenyewe. Waliwalisha wanakondoo majira ya kuchipua ya 2019 na 2020, kundi moja kwenye malisho yenye paneli na jingine kwenye malisho ya wazi. Safari hii malisho ya chini ya paneli yalitoa majani pungufu kwa asilimia 38. Lakini ubora wa majani yale ulikuwa juu zaidi, na wanakondoo wa pande zote mbili waliongezeka uzito karibu sawa. Joto lilipozidi kuelekea mwisho wa msimu, wale wa malisho ya wazi walikunywa maji mengi zaidi kuliko waliokuwa kivulini.

Sasa, zaidi kwa 90 au pungufu kwa 38? Mtu anayetaka kukuuzia wazo atachagua namba moja, na mtu anayelipinga atachagua nyingine. Zote mbili ni halali. Utafiti wa kwanza ulitazama ardhi inayokaukiwa maji kiangazi. Hapo kivuli kinatunza unyevu, na majani yaliyo kivulini yanaendelea kuota wakati ya juani yameshakata tamaa. Wa pili ulitazama majira yenye unyevu wa kutosha. Hapo mmea haukosi maji, unakosa mwanga, na chini kabisa ya paneli kunabaki vipara. Maana yake kivuli hakina tabia moja. Kinasaidia pale maji yanapokuwa ndiyo upungufu, na kinaumiza pale mwanga unapokuwa ndiyo upungufu.

Hilo ndilo somo lenyewe, na ndilo linaloachwa. Swali la kuuliza Mang'ula ni lini maji yanapungua hapa na lini mwanga unapungua. Kuanzia mvua za Novemba au Desemba mpaka Mei, maji si tatizo kwa jani lolote. Juni mpaka Oktoba ndipo mambo yanageuka. Kwa hiyo matokeo ya Oregon tunayapata yote mawili ndani ya mwaka mmoja, kwa zamu, na yeyote anayekuletea namba moja ya mwaka mzima anakubahatisha.

Mpunga na muwa

Kuna jambo jingine, na hili mkazi wa Kilombero analielewa haraka kuliko mtu wa Oregon, kwa sababu mazao mawili makubwa ya bonde hili yanalionyesha vizuri.

Mpunga na muwa vyote ni jamii ya nyasi, ila vinatengeneza chakula kwa njia mbili tofauti. Mpunga uko kwenye kundi ambalo wataalamu huliita C3. Mmea wa kundi hili jua likifika kiwango fulani unakuwa umeshiba. Ukiongeza mwanga hauongezi sana kazi. Muwa uko kundi la C4, pamoja na mahindi na mtama. Huu una mtambo wa ziada ndani ya jani wa kukusanya hewa ya ukaa, na kwa sababu hiyo unaweza kuendelea kutumia jua kali ambalo mpunga ungelikataa. Kwa maneno mengine, ukimpunguzia jua mpunga kidogo huenda asilalamike. Ukimpunguzia muwa, atalalamika.

Nyasi za malisho za nchi za baridi ni za kundi la mpunga. Nyasi nyingi za malisho za kwetu, ukoka, mabingobingo na wenzao, ni za kundi la muwa. Kwa hiyo hata ile asilimia 38 huwezi kuichukua kutoka Oregon ukaipanda Mang'ula. Inaweza kuwa mbaya zaidi. Inaweza pia isiwe mbaya, kwa sababu kati ya nyasi za C4 wamo wavumilivu: majani marefu ya jamii ya panikamu, yale yanayoota vizuri hata chini ya miembe na minazi, yanajulikana kwa kustahimili kivuli. Jibu litategemea jani gani linashinda vita baada ya miaka miwili mitatu ya kivuli na kulishwa.

Na urefu je? Kondoo ni mlaji wa majani mafupi na laini. Mabingobingo yakiachwa yanapita mita tatu, na yakishakomaa shina linakuwa kama fimbo. Hapo kondoo anapita pembeni akitafuta kingine. Wale kondoo wa pichani wanaonekana wanafanya kazi nzuri kwa sababu mtu aliwaingiza mapema, majani yakiwa bado kifundoni. Ukichelewa kwa wiki kadhaa za masika, utahitaji watu wenye mafyekeo kwanza, halafu kondoo baadaye. Ile "bure" imeshaanza kula hela.

Kondoo gani?

Kwanza kwa nini kondoo, si mbuzi wala ng'ombe? Mbuzi anapanda. Ukimwekea meza ya kioo iliyoinama atasimama juu yake kama jukwaani, akishuka atatafuna waya. Ng'ombe ni mzito, anajikuna kwenye nguzo, na ili apite lazima paneli ziinuliwe, na chuma cha kuinulia ni gharama. Kondoo ana kimo kinachofaa na hana shughuli ya kupanda. Hapa wapigadebe wako sahihi.

Lakini kondoo wa pichani ni wa sufi, wa nchi za baridi, na mtu akishawishika atafikiria kuagiza "mbegu bora". Hapa kuna utafiti wa kwetu ambao ungepaswa kusomwa kabla ya ule wa Marekani. Miaka ya 1990, watafiti wa mifugo wa kimataifa walio Nairobi, wale wa ILRI, waliwalinganisha kondoo wekundu wa Kimasai na Dorper, kondoo wa kisasa aliyetengenezwa Afrika Kusini kwa nyama. Walifanya hivyo Diani, pwani ya Kenya, mahali pa joto na unyevu. Adui mkuu pale ni minyoo wa tumboni wanaofyonza damu, kitaalamu Haemonchus contortus. Kondoo wa Kimasai walionekana kuwa wastahimilivu zaidi dhidi ya minyoo hao, na katika mazingira yale ya unyevu waliwazidi Dorper kwa mbali ukihesabu wanakondoo wanaopona na kukua. Kule kwenye nyika kavu tofauti hiyo haikuwa kubwa.

Kilombero inafanana na Diani kwa unyevu kuliko inavyofanana na nyika. Ongeza sasa paneli juu. Mabuu ya minyoo hawa hufa kwa jua na ukavu. Kivuli chenye unyevunyevu ndiyo nyumba yao. Kitu kilekile tunachokisifia, yaani kivuli kinachotunza unyevu, kinaweza kutunza na minyoo. Bado hujahesabu minyoo ya ini inayobebwa na konokono wa sehemu zenye maji, wala mbung'o wanaoleta nagana karibu na vichaka na hifadhi. Sisemi haiwezekani. Nasema bajeti ya dawa, kuhamisha kundi kwa zamu na mtaalamu wa mifugo anayefika kweli, hivyo ni sehemu ya mtambo kama zilivyo nyaya. Mtu akikuonyesha hesabu ya akiba ya mafuta bila mstari wa dawa ya minyoo, mrudishie karatasi yake.

Mkia uliokatwa

Sasa tufike kwenye kipande ambacho kwa maoni yangu ndicho kikubwa kuliko vyote, na ndicho kinachoachwa karibu kila mara hadithi hii inapohamishwa.

Kule Marekani kazi hii imekua kweli. Sensa ya chama cha walisha-kondoo-kwenye-sola cha nchi hiyo, iliyotolewa mwaka 2024, ilihesabu kondoo wapatao 113,000 kwenye takribani ekari 129,000 za sola. Lakini soma jinsi inavyoendeshwa: mara nyingi kampuni ya umeme ndiyo inayomlipa mfugaji. Kuna mkataba. Mfugaji analipwa kwa ekari, anaahidi majani hayatapita urefu fulani, anakuja na bima, uzio wake wa ndani, maji na gari. Ni mkandarasi wa usafi ambaye mashine zake zina miguu minne. Nyama ni faida yake ya pili.

Hadithi inapovuka bahari, mfugaji yule anapotea. Tunaambiwa kampuni itapata "wakata majani wa bure" na mfugaji atapata "malisho ya bure", basi wamelipana. Si kweli, na sababu yake ni ya kalenda. Shamba la sola linahitaji kondoo zaidi masika, majani yanapokimbia. Masika ni wakati ambao karibu kila mfugaji wa nchi kavu ana majani tele nyumbani. Hana haja ya kuleta kundi ndani ya uzio wa mtu mwingine. Kiangazi ndipo anapohitaji malisho, na kiangazi mwenye sola anataka pawe pamebaki kapeti fupi lisiloweza kushika moto. Mmoja anatoa wakati ambao mwingine hahitaji. Pengo hilo linazibwa na malipo, ndiyo maana Wamarekani wanalipana.

Chukua hesabu ndogo uone na ukubwa wake. Kishapu, mkoani Shinyanga, serikali kupitia TANESCO ilisaini mwaka 2023 mkataba wa kujenga mtambo wa sola uliopangwa kufika megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa 50. Tukikadiria kwa kanuni ya juujuu ya hekta mbili kwa megawati, megawati 50 ni hekta 100, kama ekari 250. Kwa uwiano wa ile sensa ya Marekani, ambao ni pungufu kidogo ya kondoo mmoja kwa ekari, unapata kondoo kama 220. Hata ukiongeza mara tatu kwa sababu ya mvua zetu, hiyo ni ajira ya familia chache. Ni kitu kizuri kwa familia hizo. Ila si suluhisho la migogoro ya wakulima na wafugaji, na atakayelitangaza hivyo anatuuzia mbuzi kwenye gunia.

Bonde lenye kumbukumbu

Nimeitaja Kishapu makusudi, kwa sababu ina undugu na Mang'ula. Wasukuma wengi unaowakuta na ng'ombe bondeni Kilombero, wao au wazazi wao walitoka huko Shinyanga na Mwanza kufuata ardhi na maji. Na safari hiyo ilikatizwa njiani kwa jina la umeme.

Mwaka 2006 nchi ilikuwa gizani. Mabwawa yalipungua maji, likiwemo Mtera linalolisha mitambo ya Kidatu yenye megawati 204, hapo juu tu ya bonde hili. Lawama zikaenda juu ya mto, Usangu, kwa wafugaji na wakulima wa mpunga, na mwaka huo na uliofuata wafugaji wakaondolewa Usangu pamoja na mifugo yao. Lakini miaka mitatu kabla ya giza hilo, mwaka 2003, Machibya, Lankford na Mahoo walikuwa wameshahoji kama ushindani wa maji kati ya Usangu na mabwawa ni wa kweli au wa kufikirika. Hoja kutoka tafiti za aina hiyo ni nyepesi kuielewa: maji mengi yanayojaza Mtera huingia masika, kwa hiyo kukauka kwa mto kiangazi hakutoshi kueleza bwawa kuwa tupu, lazima utazame pia bwawa lenyewe lilivyoendeshwa. Walioondolewa hawakusubiri majibu ya kitaalamu. Baadhi yao waliishia huku Kilombero.

Mwishoni mwa 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo bondeni humu nako. Safari hii hoja ilikuwa kuokoa ardhi oevu, ambayo tangu 2002 iko kwenye orodha ya Ramsar. Kulikuwa na uharibifu wa kweli, sipingi. Mifugo ilikuwa imezidi na wakulima walikuwa wanalia. Na mto Kilombero ndio unaoupa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, yale yanayozungusha leo mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere yenye megawati 2,115. Kila mtu bondeni anajua kwamba maji yetu ni umeme wa taifa.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mfugaji aliyepita humo mote. Mara ya kwanza aliambiwa mnyama wake anazima taa. Leo anaambiwa mnyama wake ni rafiki wa taa, aje afyeke. Atauliza: ninaingia kama nani? Kama mkandarasi mwenye karatasi, au kama mtu aliyevumiliwa mpaka hapo meneja atakapobadilika? Swali hilo halimo kwenye tafiti za Oregon, na si kosa la watafiti. Wao walipima majani na wanakondoo, wakapima vizuri. Kosa ni letu tunaotafsiri matokeo tukidhani tumetafsiri na mazingira.

Ngitili yenye vioo

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kanuni za kulisha kwa mpangilio ndani ya eneo lililofungwa hatuhitaji kuziagiza. Wasukuma wanazo, zinaitwa ngitili. Eneo linafungwa masika ili majani yapone, linafunguliwa kiangazi kwa utaratibu, kwanza kwa ndama, wanyama dhaifu na maksai wa kulimia. Mradi wa HASHI, kati ya 1986 na 2004, uliirudisha desturi hiyo Shinyanga na zaidi ya hekta 300,000 zikapata uoto tena. Zilirudi kwa kufuata kanuni zilizokuwa zinajulikana na kusimamiwa na wanakijiji wenyewe, wenye mikutano yao na adhabu zao.

Shamba la sola ni ngitili yenye vioo, ila kalenda yake imegeuzwa: linafunguliwa masika na kubanwa kiangazi. Ukimwelezea hivyo mzee wa Kisukuma, ndani ya dakika tano atakuuliza maswali yote muhimu: nani anafungua, nani anaingia kwanza, akivunja kanuni analipa nini.

Na hapa Kilombero inaweza kuwa na bahati ambayo nyika haina. Masika uwanda wa bonde unajaa maji na kila kipande kikavu kimeshalimwa mpunga. Mfugaji wa huku masika ndipo anapobanwa; ndipo mnyama anapoponyoka akaingia jarubani na ugomvi unaanza. Eneo kavu lenye uzio, linalohitaji walaji wakati huohuo, kalenda yake inapatana na ya mfugaji wa bondeni kuliko ya mfugaji wa Shinyanga. Hiyo ni hoja ya kweli, yenye mantiki ya mahali, na nimeitafuta kwenye maandiko ya wapigadebe sijaiona. Wako bize na picha ya kondoo mweupe.

Uzio wenyewe nao una mjadala. Mang'ula ni njia ya tembo kati ya Udzungwa na upande wa pili wa bonde. Uzio wa ekari 250 ukiwekwa mahali pasipofaa utafunga njia, na tembo akifungiwa njia hukutengenezea nyingine kwenye mahindi ya watu.

Ningeamini nini?

Ningeamini jaribio dogo la kwetu, hata la ekari tano. Morogoro tayari kuna mfano wa kujifunzia: mradi wa kuvuna jua mara mbili, uliofanyika Tanzania na Kenya, ulipanda mazao chini ya paneli ukapima mavuno, umeme na maji kwa pamoja, na baadhi ya mazao kama maharage yalinufaika na kivuli. Tumia nidhamu ileile kwa mifugo. Gawa eneo: kipande kimoja kifyekwe, kingine kilishwe kondoo wa kienyeji, kingine kondoo wa damu mchanganyiko. Pima urefu wa majani kila wiki kwa mwaka mzima, kiangazi na masika. Pima uzito wa kondoo na hesabu ya mayai ya minyoo kwenye kinyesi. Andika lita za mafuta na siku za vibarua. Na weka safu moja ambayo tafiti nyingi za aina hii hazina: nani alilipwa, kiasi gani, na kwa karatasi gani.

Mpaka hapo, ukiletewa tena ile picha, uliza mambo manne tu. Majani haya ni ya kundi la mpunga au la muwa? Walipima mwezi gani? Kondoo huyu akinyeshewa miezi sita atapona? Na mwenye kondoo, ana mkataba? Akikujibu matatu ya kwanza vizuri na la nne akaanza kuzungumzia "ushirikishwaji wa jamii", jua kwamba mkia umeshakatwa, na kwa kondoo wetu wa Kiafrika mkia ndiko yaliko mafuta.